Kichwa cha Huku, Mkono wa Kule

Frostgrave, mchezo wa mezani wa vita vya sanamu ndogo za kuunganisha na kupaka rangi, uliotolewa na Osprey Games mwaka 2015, haumlazimishi mchezaji kununua sanamu za kampuni fulani. Unachotaka ni mchawi, mwanagenzi wake na askari wasiozidi wanane wa kuwasindikiza katika magofu ya mji uliogandishwa na barafu. Ndiyo maana naupenda kuliko michezo inayodai majeshi ya sare moja. Sanduku la askari wake wa plastiki hutoa sanamu 20, lakini vichwa na mikono huzidi viwiliwili, na masalio hayo yakichanganywa na ya Warhammer, mchezo mwingine wa sanamu, au ya askari wa kihistoria wa Perry Miniatures, huwa ghala la vipuri lisilokwisha upesi.

Milimita 28 zinazotajwa kwenye masanduku kama kipimo cha sanamu zisikudanganye. Sanamu za Perry zina maungo yanayokaribia ya binadamu halisi, ilhali za Warhammer kwa desturi hutiwa chumvi, vichwa na viganja vikiwa vikubwa kuliko kiwiliwili kinavyostahili. Mkono mzima wa Perry ukiubandika kwenye bega la Warhammer, shujaa wako ataonekana ana mkono wa mtoto. Kichwa kikubwa kidogo husameheka kikiwa ndani ya kofia ya chuma. Kiganja ni vigumu zaidi kukisamehe.

Wengi hubadilisha mkono begani kwa kuwa ndipo kiwanda kilipoweka kiungo. Mimi hukata pale nguo inapoishia: kwenye pindo la mkono wa shati, kwenye mshipi, au chini ya ukosi, kwa sababu hapo jicho limeshazoea kuona mstari na halitafuti kovu. Mpelelezi wangu ana kiwiliwili cha askari wa Perry wa karne ya 15, kichwa chenye kofia ya kitambaa kutoka kwa askari wa Frostgrave, na kiganja cha Warhammer kilichoshika taa. Kiganja hicho ni kinene kuliko mwenzake, kwa hiyo mwenzake nimemficha nyuma ya ngao (hila ya kizamani, lakini inafaa).

Gundi ya plastiki huyeyusha nyuso mbili zikaungana zikawa kitu kimoja, lakini kwa resini au chuma haifui dafu. Huko ni supagluu, na kiungo chembamba hutobolewa kwa keekee ya mkono na kutiwa kipande cha waya ndani. Mwanya uliobaki huzibwa kwa udongo wa epoksi, ambao utepe wake wa buluu na wa manjano hukandwa pamoja hadi rangi iwe kijani kitupu, kisha hulainishwa kwa kifaa kilicholoweshwa maji ili usinate. Andakoti ya kijivu, yaani rangi ya kwanza ya msingi, ndiyo hakimu, kwani hufuta tofauti za rangi za plastiki na kuanika kila mkwaruzo ambao msasa uliuruka.

Katika silaha sifanyi mzaha hata kidogo. Frostgrave hutofautisha upinde wa kawaida na upinde wenye kifyatuo, ambao huumiza zaidi lakini humgharimu askari tendo zima la kuujaza kabla ya kufyatua tena, kwa hiyo mpinzani aliye upande wa pili wa meza anapaswa kuutambua kwa kutazama tu, bila kuniuliza.