Mafunjo ya Ziwa Yatengewe Hifadhi

Mwanza ni jiji la majabali, na mvua kubwa ikinyesha vilimani maji hayapati udongo wa kutosha wa kuyanyonya, bali huporomoka hadi Mto Mirongo, hupita Mabatini na katikati ya jiji, kisha huingia Ziwa Victoria pamoja na tope na takataka zote. Kwa hiyo kila ninapoona mafunjo, yaani matete marefu ya kinamasini yanayochuja maji hayo, yakifyekwa na kifusi kikimwagwa kando ya ziwa ili kupata kiwanja, roho huniuma.

Ukisimama kwenye ukingo wa kinamasi baada ya mvua, utaona kazi ya mimea hiyo kwa macho yako. Maji ya mto huingia yakiwa mekundu na yenye kasi, lakini mashina yaliyosongamana huyapunguza mwendo, udongo ukatuama mizizini, na upande wa ziwa yakatoka taratibu, rangi ikiwa imefifia. Mizizi yenyewe hufumana ikawa tabaka nene linaloweza kuelea, likipanda na kushuka kadiri ya kina cha ziwa. Humo hujificha samaki kama kamongo na baadhi ya furu, kwa kuwa sangara, samaki mkubwa anayewala, hastahimili maji ya humo yenye hewa haba.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuvuka kiwango kilichofikiwa mwaka 1964, na wakazi wengi wa mwambao walihama makazi yao. Sisemi kwamba mafunjo yangelizuia ziwa kujaa. Nasema kwamba anayejenga kinamasini amejenga mahali ambapo maji yana desturi ya kupumzika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tanzania pia ina maeneo manne ya ardhi oevu yaliyosajiliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, la kwanza likiwa Malagarasi-Muyovozi, mwaka 2000, lakini hakuna hata moja katika upande wetu wa ziwa, ilhali Uganda imeisajili Ghuba ya Mabamba iliyo upande wake.

Ningependa tutenge hifadhi ya mafunjo, tukianzia Magu, Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke, kwa sababu mto huo hubeba udongo mwingi wa mashambani. Wasusi wa mikeka wanaokata mafunjo wasifukuzwe. Mafunjo yaliyokatwa shina huchipua tena, mradi mizizi ising'olewe wala kuchomwa moto.