Ndege wa kwenye rula

Rula yangu ya utotoni bado ninayo, ile yenye ndege. Ukiiinamisha kidogo anafunga mbawa, ukiirudisha anazikunjua. Pitisha ukucha juu yake: krrr! Vile vituta ni lenzi nyembamba zilizopangwa sambamba. Chini yake picha mbili zimekatwa vipande vyembamba vikapishanishwa, na kila lenzi huonyesha kipande kimoja tu kulingana na pembe unayotazamia.

Kinachonivutia mno ni hiki: vituta vikilala, macho yote mawili huona picha ileile. Vikisimama wima, kila jicho laweza kupata yake. Ndiyo maana picha zilizopigwa kutoka pande mbili huonekana zina kina, bila miwani yoyote!

Jana niliisimamisha rula yangu. Ndege akawa amefunga na kukunjua mbawa kwa wakati mmoja, akimetameta.