Una kitu chochote cha maandishi?

Saa nane usiku. Baba Neema anakoroma, upepo unavutana na bati la jirani, na mimi nimeamka tena kwa sababu ya ile chupa ya maji.

Chupa yenyewe iko ofisini, juu ya meza yangu, pembeni ya stepla. Haijafunguliwa tangu Jumatatu. Dada wa usafi ameipangusa vumbi mara mbili, ya pili akaniuliza kama ameisahau mteja. Nikamwambia iache.

Jumatatu Kaka wa Bahi alitokea bila taarifa. (Ni ndugu yangu wa kule Bahi, Dodoma, aliyekaa utotoni kwenye bweni la kituo cha watoto.) Wakili alikuwa mahakamani, benchi limejaa watu, na mimi nachapa hati ya kiapo ya kiwanja cha Nkuhungu, ya tatu tangu asubuhi, zote za mwenye kiwanja mmoja na wanunuzi wengi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamwonyesha pa kukaa. Akakaa kidogo, kisha akasogea mpaka mezani, akainama, na kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko upande gani akasema:

"Mdogo wangu, yale mambo ya kule bwenini. Nasikia wenzetu huko nje wanalipwa."

Mimi, macho kwenye kioo cha kompyuta, vidole havijaachia herufi, nikamjibu:

"Una kitu chochote cha maandishi?"

"Maandishi ya nini?"

"Ya kuonyesha. Vielelezo."

"Aha. Ngoja nikanunue maji."

Akarudi na chupa mbili. Moja akaiweka mbele yangu, "Kunywa, umechoka." Ya pili akaishika mapajani mpaka Wakili aliporudi saa saba.

Basi ni hayo tu. Ukimsimulia mtu atakwambia mbona hakuna neno. Ni swali ninalomwuliza kila anayevuka ule mlango, nalo ni swali sahihi, bila karatasi Wakili hana pa kuanzia. Nimejitetea hivyo tangu Jumatatu jioni. Nimejaribu hata kulisema upya kwa sauti nyingine, peke yangu jikoni: pole kaka, una kitu chochote cha maandishi? Neema akaniuliza naongea na nani.

Tatizo ni kwamba mgongo wa Kaka nimeuona. Nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na nne, ndiyo kwanza ametoka bwenini na kurudi kwa bibi moja kwa moja. Alikuwa anajimwagia maji nyuma ya zizi nami nimetumwa kupeleka kata. Nikamwuliza ile mistari ni ya nini. Akasema ni ramani ya reli. Akageuza mkono nyuma akanionyesha kwa kidole, hapa Dar, hapa Morogoro, hapa sisi, ule uliopinda kule chini ndio unaokwenda Kigoma. Niliamini mpaka darasa la tano. Halafu mimi huyo huyo nikamwuliza kama ana maandishi.

 

Wakili, namshukuru, alimpa saa nzima na hakumchaji. Alimwuliza kwanza alitimiza miaka 18 lini. Aprili 2002. Akachukua bahasha iliyotumika akapiga hesabu kwa nyuma. Sheria ya Ukomo inampa mtu aliyedhuriwa miaka 3 ya kufungua kesi ya madai. Kwa mtoto, saa inasubiri mpaka akue, ndipo inaanza kugonga. Maana yake mlango wake ulifungwa Aprili 2005. Waziri wa Sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda akiona ni haki, lakini nyongeza yenyewe haizidi nusu ya ule wa kwanza. Mwaka mmoja na nusu. Oktoba 2006.

Kaka akaitazama ile bahasha. "2005 nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha stesheni," akasema. "Treni ikisimama ndiyo ofisi imefunguliwa. Ningemjulia wapi Waziri?"

Kuna jinai, Wakili akamwambia, na jinai haiozi. Mtu anaweza kwenda polisi hata baada ya miaka thelathini, na mahakama ikimtia mshtakiwa hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia ndani ya kesi hiyo hiyo. Ila yule mlezi wa kituo aliyemchapa alishafariki, na marehemu hashtakiwi. Sheria ya Mtoto, ile inayokataza kabisa adhabu za kikatili kwa mtoto, ni ya 2009. Kaka mwaka huo alikuwa na mtoto wake wa pili. Kingekuwa kituo cha serikali kungekuwa na habari ya notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu kwenye kesi, lakini si cha serikali, kwa hiyo hilo likapita.

"Kwa hiyo hakuna?"

"Mahakamani, kwa madai, hakuna. Ila hakuna sheria inayomkataza mtu kulipa kwa hiari. Tunaweza kuwaandikia wenye kituo."

Usiku ule nikanunua bando nikaanza kusoma hao wenzetu wa huko nje. Ayalandi, Waziri Mkuu wao aliwaomba radhi walioteswa utotoni, kwa niaba ya taifa, Mei 1999, ikaja bodi ya kulipa fidia 2002 kwa waliolelewa kwenye zile shule na nyumba za watoto, na mwisho wa kupeleka maombi ukapangwa Desemba 2005. Nilipoisoma hiyo tarehe nikaweka simu chini. Mwaka ule ule. Walilipwa zaidi ya watu elfu kumi na tano, kwa wastani wa euro elfu sitini na kitu kila mmoja, lakini aliyepokea aliachia haki ya kushtaki, na sheria ikamzuia kutangaza mambo ya malipo yake. Hapo sikupapenda. Mtu umemlipa kwa kuwa alinyamazishwa utotoni, halafu unamnyamazisha tena kwa hundi.

Uskoti wao mwaka 2017 waliondoa ukomo kabisa kwa walioteswa utotoni, na mfuko wa fidia ulipofunguliwa mwishoni mwa 2021 wakaweka njia mbili. Ya kwanza ni pauni elfu kumi za mkupuo: uthibitishe kwamba uliishi pale, ueleze yaliyokupata, basi. Ya pili wanakusikiliza kwa undani, na malipo yanaweza kufika laki moja. Nako unasaini kwamba hutashtaki. Australia mpango wao unapokea maombi mpaka Juni 30, 2027, kikomo ni dola zao laki moja na nusu, na kipimo cha ushahidi ni chepesi kuliko cha mahakamani. Lakini ni kwa walionyanyaswa kingono peke yake. Kiboko na kufungiwa stoo havimo.

Nilizima simu saa tisa, nikalala na namba kichwani. Namba zote hizo na hakuna hata moja ya Bahi.

Sasa Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nafungua ofisi namkuta yuko ngazini, ana mfuko wa rambo kwapani na zabibu kwenye kikapu. Hata salamu hajamaliza kuitika. "Umeniuliza maandishi," akasema. "Haya hapa."

Ndani ya rambo kulikuwa na gazeti, ndani ya gazeti ripoti ya shule. Darasa la nne, muhula wa pili, 1995. Karatasi imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, pini ya stepla imeota kutu na kuacha alama mbili kama meno ya panya. Hisabati 71. Kiswahili 80. Sayansi 64. Chini kabisa, penye Tabia na Mwenendo, kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri wa kulala, wa mtu aliyefundishwa kuandika: "Mkaidi. Ametoroka mara tatu. Ameadhibiwa ipasavyo." Sahihi. Muhuri.

Alikuwa ameikuta kwenye sanduku la bibi. Jumatatu alirudi Bahi akapekua usiku kucha kwa sababu ya swali langu. Akaniwekea kidole pale kwenye "ipasavyo" akaanza kucheka, cheko lile lake la kifuani, mpaka mama mmoja aliyekuja kwa mirathi naye akacheka bila kujua anacheka nini. "Wameandika wenyewe! Tena na muhuri!" Nami nikacheka, nikajikuta nalia, nikaenda chooni kunawa uso.

Wakili aliisoma mara mbili. Akasema kanuni za shule zinataka kila kiboko kiandikwe kwenye daftari lake, na siku hizi havizidi vinne. "Tuwaombe hilo daftari. Wakisema halipo, hayo nayo ni majibu." Ukomo uko palepale, haugeuki kwa ripoti. Lakini barua sasa ina kiambatisho. Nikakumbuka Uskoti, karatasi ya kuthibitisha kwamba uliishi pale.

Nikachapa mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye maombi Wakili akamwuliza anataka nini, na akamsaidia, kama afanyavyo kwa wateja: wengine huwa wanataka kuombwa radhi tu, roho itulie.

"Mheshimiwa, mimi nataka hela," Kaka akasema. "Radhi haziezeki nyumba."

Akatoa karatasi ya fundi. Bati 42 za geji 28, mbao, misumari, ufundi, nauli ya kirikuu kutoka Dodoma. Milioni mbili na laki nne. Wakili akasema hiyo ni bei ya paa, siyo fidia, tuandike zaidi. Kaka akakataa. Wakavutana robo saa, mimi nimeshika kipanya nasubiri. Mwisho tukaandika milioni mbili na laki nne, na mimi bado sijui kama nilipaswa kumsaidia Wakili au kunyamaza. Nilinyamaza. Pauni elfu kumi, nimepiga hesabu, ni mapaa mangapi?

Barua imepelekwa kwa mkono saa nane mchana, mlinzi akasaini dispachi.

Wakati anaondoka akaiona chupa. "Hujanywa tu?"

"Sijapata kiu, kaka."

"Maji ya wiki nzima hayo," akasema, akachukua kikapu chake kitupu.

Kumekaribia kucha. Tetea wangu mweusi anaatamia mayai kumi na moja, leo ni siku ya 23 na sijasikia hata mlio mmoja. Jirani wa nyumba ya pili anasema niyatie kwenye maji ya vuguvugu nione yatakayocheza. Naogopa kumwinua.