Mbwa mwitu aliyeniokotea taulo

Nimetoka kazini miguu inawaka moto, nafungua simu, nakuta mjomba ametuma video kwenye grupu la familia. Mwanamke amekunja uso anaapa kwamba shule za Marekani zimeweka masanduku ya mchanga wa paka chooni, kwa ajili ya watoto wanaojiita furi, eti ni wanyama. Chini yake mjomba kaandika: "Mwanangu, hao wajukuu zangu wasije wakarudi huku wanalia nyau." Vicheko thelathini. Hata mama kacheka.

Mjomba, shikamoo. Naomba niseme.

Mimi hao furi nawatandikia vitanda. Nasafisha vyumba katika hoteli ya hapa Pittsburgh, na huu ndio mji wanaokutania tangu 2006, ukitoa miaka miwili ya korona, mara nyingi karibu na sikukuu ya tarehe nne Julai. Mwaka 2024 walizidi 17,000. Ni watu wanaopenda wahusika wanyama, wale wanaosema na kutembea kwa miguu miwili. Wengi wanachora, wanaandika hadithi, wanapiga soga. Wenye mavazi kamili ya manyoya ni wachache, maana vazi moja hufika dola elfu kadhaa. Pigeni wenyewe hesabu ya mabati. Na sisi tuliolala kila usiku na hadithi za Sungura na Fisi tunashangaa nini?

Sisemi ni malaika. Manyoya yakiziba bomba la bafu utayatoa kwa vidole, na chumba ambacho vazi limeanikwa mbele ya feni kina harufu yake. Wewe unayepanga kuja, jua utaanzia hotelini kama sisi wote, na wiki hiyo usiombe ruhusa. Hupewi. Ila bakshishi ipo: nimewahi kukuta dola 20 ndani ya karatasi iliyochorwa mbweha kashika ufagio, amevaa sare yangu mpaka mfuko uliochanika.

Mwaka wangu wa kwanza, gurudumu la toroli lilinasa mlangoni mwa lifti, taulo zote chini. Ndani kasimama mbwa mwitu wa bluu, kichwa kama pipa. Moyo ulinipasuka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona televisheni. Akapiga magoti, akajaribu kuokota, yale makucha ya sponji hayashiki kitu. Akayavua. Mikono ya mzee, ina madoa, pete ya ndoa imezama kidoleni. Akaokota taulo moja moja na kuzikunja vizuri kuliko mimi. Hakusema neno, wengi wao hawasemi wakiwa ndani ya vazi. Akainama kidogo, akavaa makucha yake, akashuka.

Sasa televisheni ilikuwa imenifundisha nini? Mwaka 2003 tamthilia ya upelelezi ya CSI iliwaonyesha furi kama watu wa ngono tupu ndani ya manyoya, na picha hiyo haijawatoka mpaka leo. Desemba 2014, huko Rosemont karibu na Chicago, hoteli waliyokuwamo ilijaa gesi ya klorini usiku, maelfu wakatolewa nje kwenye baridi, 19 wakapelekwa hospitali. Mtangazaji wa habari alipofika kwenye neno furi akaangua kicheko, akakimbia meza. Watu wamevuta sumu, yeye anacheka. Ninyi mnajua jinsi kamera za huku zinavyotuchagua sisi: nzi, bakuli, basi. Mimi kicheko kile nilikitambua.

Na huo mchanga wa paka, mjomba, mwaka 2022 seneta mmoja wa jimbo la Nebraska aliusema bungeni kwao. Alipotafuta ushahidi akakosa, akaomba radhi. Kitu pekee cha kweli kiko Colorado, wilaya ya shule za Jefferson, ile yenye shule ya Columbine ambako wanafunzi walipigwa risasi mwaka 1999. Tangu 2017 madarasa huwekewa mchanga huo ndani ya ndoo ya dharura, ili mtu akiingia na bunduki na watoto wakafungiwa darasani saa nyingi, wapate pa kujisaidia. Wanangu wanafanya mazoezi ya kujificha chini ya madawati. Hiyo video hajanitumia mtu.

Nimeyaandika yote haya kwenye grupu, marefu kuliko hapa. Kimya robo saa. Mjomba akajibu, "Sawa, lakini jihadhari." Shangazi akanifuata pembeni: nina picha ya yule mbwa mwitu wa bluu? Ya mjukuu, anasema.