Wanaokufa bila kungoja pepo

Kule Kilimanjaro nilikozaliwa, tuliambiwa kwamba asiyemwamini Mungu hufa kwa hofu kuu, akilia aombewe dakika za mwisho. Kazi ya kuhudumia wazee hapa Edinburgh, Uskoti, imenionyesha vingine. Wengi wetu ughaibuni tunaifanya kazi hii, na tunawaaga watu wasiongoja pepo wala kuogopa jehanamu. Katika sensa ya Uskoti ya 2022, asilimia 51 walisema hawana dini. Si wote kati yao wanaokana kuwapo kwa Mungu, lakini wanaokana ni wengi, na wodini tunakutana nao.

Mji huu una kisa chake maarufu. Mwaka 1776 mwanafalsafa David Hume alikuwa mahututi. Mwandishi James Boswell, aliyekiogopa sana kifo, alimtembelea mwezi wa Julai ili ajue kama bado anakataa kuwapo kwa maisha baada ya kifo. Alipomuuliza kama maisha hayo hayawezekani, Hume akamjibu kwamba inawezekana pia kaa la mawe likatiwa motoni lisiungue. Je, kutoweka kabisa hakumtishi? Hata kidogo, akasema. Hakumtishi kuliko kufikiri kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwapo. Hume alifariki tarehe 25 Agosti akiwa mtulivu. Wasiwasi ulibaki kwa Boswell. Rafiki yake Adam Smith, mwanauchumi, alipoandika kuusifu utulivu huo, alishambuliwa vikali.

Hoja ya Hume ni ya kale, ya mwanafalsafa wa Kigiriki Epicurus na mshairi wa Kirumi Lucretius: tukiwapo sisi, kifo hakijafika, kikifika, sisi hatupo tena. Nami niliisikia kwa bibi mmoja niliyemhudumia, mwalimu mstaafu. Aliniambia kwamba hali ya kuwa mfu haimsumbui. Alichoogopa ni maumivu ya kufa, na kumwacha mumewe ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Basi tulipopanga siku zake za mwisho, tulizungumzia dawa za maumivu, nani akae naye usiku, na nani atamtunza mzee.

Mazishi yake hayakuwa na sala. Aliyeyaongoza alikuwa ameketi na familia kabla, akakusanya habari za maisha yake, na akayasimulia yote pamoja na ukali wake darasani. Kisha tukapewa muda wa kimya, kila mtu amkumbuke apendavyo, na mwenye dini asali moyoni. Nilisali. Jambo moja lilinigusa sana: kwetu mahubiri ya msibani mara nyingi huwageukia walio hai ili watubu, na marehemu akabaki pembeni. Pale kila neno lilimhusu yeye.

Kuna wanaosema kumkumbuka marehemu hivyo hakuna tofauti na mila zetu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza kwamba kwa Waafrika wengi marehemu ni mfu aliye hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Naona tofauti ni kubwa. Katika mila hizo babu yupo, anasikia, na anaweza kukasirika. Kwa bibi yule kumbukumbu ni yetu sisi tuliobaki. Yeye mwenyewe hayupo popote.

Mimi naamini ufufuo. Bibi alipokuwa bado hai nilimuuliza: na mtoto aliyekufa kwa malaria, ambaye hakuishi vya kutosha kuacha kumbukumbu? Alikaa kimya, kisha akasema kwa hilo hana faraja ya kunipa, na hataitunga. Jibu hilo halikunitosha, ila nililiheshimu.

Ninachowaomba wenzangu wa zamu za usiku ni hiki. Nimeona mgonjwa aliyekwisha kusema hataki maombi akiwekewa mikono na kukemewa pepo wakati hana nguvu ya kukataa. Ni dhuluma, hata ikifanywa kwa upendo. Muulize mapema anachotaka, soma mpango wake wa huduma, umlowanishe midomo, ukae naye. Wanawe wakifika, wape pole na uwaeleze alivyolala.