Tarehe 1 Julai, nani ataanza kununua umeme?

Nyumba tunayopanga hapa Kihonda, Morogoro, ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na familia tatu. Sisi tuko chumba na sebule upande wa mbele, mama lishe na wanawe wako uani, na kijana wa bodaboda na mkewe wamechukua chumba cha pembeni. Siku za kawaida tunaishi vizuri sana. Tunaombana chumvi, tunaanuliana nguo mvua ikishuka kutoka Uluguru. Lakini mwezi ukianza, kila mtu anakuwa bubu kuhusu umeme. Mita inalia pii, pii, uniti zimebaki mbili, na hakuna aliyesikia.

Sababu ni shilingi 1,500.

Kwa ambao hawajapanga nyumba ya namna hii: mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, kodi inakatwa hapo hapo kabla hujapata uniti. Ilianza kwa 1,000 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani kutoka 12,000 kwa mwaka hadi 18,000. Anayekatwa ni yule aliyewahi. Wa pili akinunua jioni ya siku ile ile, anapata umeme wake kamili.

Sasa piga hesabu ya mtu mwenye 5,000 mkononi. Kwa bei tunayolipa sisi, uniti moja inafika kama shilingi 356 ukijumlisha VAT, makato ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati). Elfu tano kamili ni uniti 14. Ukiwa wa kwanza mwezi huo, inayonunua umeme ni 3,500, na unaambulia uniti 9 na pointi. Umewanunulia wenzako heshima ya kuwa wa pili.

Julai ile ya 2023 tulikaa gizani usiku mmoja mzima. Mwanangu Imani alikuwa anamalizia kazi ya hisabati kwa tochi ya simu yangu, mama lishe analalamika juisi yake ya ukwaju itachacha kwenye friji, na kijana wa bodaboda amesimama mlangoni kifua wazi: "Dada, mwezi wa tano nimeanza mimi, wa sita nimeanza mimi, na kwangu kuna taa mbili na redio tu." Alikuwa na haki. Mimi mwalimu, mwenye mshahara wa mwezi, nilikuwa nimejificha nyuma ya kijana anayehesabu nauli za elfu moja moja. Niliona aibu, nikanunua. Halafu kesho yake nikaenda Mafiga kwa bibi mwenye nyumba.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji akikatwa kwenye LUKU, anatakiwa kurudishiwa na mwenye nyumba wake, na njia rahisi ni kupunguza kwenye kodi ya pango. Nilikuwa nimechapisha meseji za LUKU za miezi sita kwenye karatasi, nikazikunjua mbele yake. Bibi alizitazama kama mtu anayetazama mchele wenye mawe. "Mwalimu, umekuja kunifundisha nyumba yangu?" Nikamwambia hapana bibi, shikamoo kwanza. Tulikunywa chai, akanieleza magoti yake, akanieleza mwanawe aliyeko Mwanza ambaye hapigi simu, na saa moja na nusu baadaye tulikubaliana: kila tukilipa pango la miezi sita anatoa 9,000, sisi tunagawana elfu tatu tatu. Nyumbani nikabandika karatasi juu ya mita yenye zamu za miezi. Kila familia inaanza mara mbili ndani ya miezi sita, na mara mbili kwa 1,500 ni ile ile 3,000. Hakuna anayedai, hakuna anayedaiwa.

Nimeanza na LUKU makusudi, kwa sababu ndivyo mwaka mpya wa fedha unavyoingia kwetu. Juni waziri anasoma bajeti Dodoma, mitandao inachemka siku tatu, kisha kimya. Halafu Julai unaingia, na mabadiliko yanakuja moja moja: mita imekata, wakala wa simu amekwambia makato mapya, EWURA wametangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi na kijana wetu wa bodaboda amekunja uso. Yote ni hela ndogo. Ndiyo maana usipoandika huwezi kujua imekwenda wapi. Mimi nina kaunta buku, na kila Julai nafungua ukurasa mpya wenye safu mbili: kilichobadilika, na kwangu mimi ni shilingi ngapi. Safu ya pili ndiyo yenye kazi.

Mfano, Julai 2021. Kodi ya mshahara ilishushwa kwenye daraja la kwanza, kutoka asilimia 9 hadi 8. Walimu tulipongezana ofisini. Mimi nikaandika: asilimia hiyo inahusu pesa iliyo kati ya 270,000 na 520,000, yaani 250,000, na asilimia moja yake ni 2,500. Basi. Mwalimu anayelipwa laki saba na mkurugenzi anayelipwa mamilioni, wote walipata 2,500 kwa mwezi. Siyo haba, ila siyo ya kupongezana.

Na kabla sijaishika, tarehe 15 Julai tozo za miamala ya simu zikaanza, kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi. Mama yangu yuko Turiani na nilikuwa namtumia hela kila wiki, kidogo kidogo, kwa sababu ukimpa nyingi anawagawia wajukuu wa jirani. Wiki ya kwanza niliona 2,500 yangu inavyoyeyuka. Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata zikaguswa tena na tena, lakini mimi nilikuwa nimeshahama. Mwenye duka wa pale kwa mama huja mjini Alhamisi kufuata mzigo. Nampa fedha taslimu mkononi, mama anachukua sukari, sabuni na mafuta ya kula kwa daftari. Mama aliulalamikia sana mpango huu mwanzoni. Anasema duka halina utu, huwezi kumpa mjukuu wa jirani kipande cha sabuni aende nacho shule.

Sasa nije kwenye makochi.

Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya mishahara kwa watumishi, asilimia 23.3. Baada ya miaka mingi bila nyongeza ya maana, neno hilo lilikuwa tamu kama asali. Mume wangu, Baba Imani, ambaye ni fundi cherehani pale karibu na soko la Mawenzi, alichukua kipande cha chaki ya kuchorea nguo akapiga hesabu kwenye meza ya kukatia: mshahara wangu wa 740,000 mara asilimia 23.3, laki moja na sabini na kitu. Nikamwona anavyosimama wima. Jioni ile tulipita kwa fundi seremala tukachagua makochi ya mninga, tukatoa kianzio cha 100,000. Pesa ya wapi? Ya mchezo wa kuchangiana. Zamu yangu ilikuwa imefika wiki hiyo hiyo.

Kosa lilikuwa letu, hatukusoma sentensi hadi mwisho. Asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini. Wa juu yake kila mmoja aliongezwa kwa kiwango chake, na kadiri ulivyopanda ndivyo kilivyopungua. Ya kwangu mwisho wa Julai ilikuwa shilingi 20,000.

Na hiyo 20,000 nayo haikufika nzima. Nimeiandika kwenye buku kwa kalamu nyekundu, naiweka hapa kama ilivyo kwa faida ya mwalimu mgeni. Mfuko wa pensheni asilimia 5: 1,000. Bima ya afya asilimia 3: 600. Bodi ya mikopo asilimia 15, kwa sisi tuliosoma kwa mkopo: 3,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2: 400. Kodi ya mshahara: toa kwanza ile 1,000 ya pensheni, inabaki 19,000, na kwa kuwa niko daraja la asilimia 20, hiyo ni 3,800. Jumla ya makato 8,800. Kilichoingia benki ni 11,200.

Makochi yalikuwa 650,000.

Sitaki kusema ugomvi uliotokea nyumbani. Nitasema tu kwamba seremala ni mtu muungwana, alikubali kianzio kibaki kwake hadi tutakapokuwa tayari, na kila nikipita barabara ile nilikuwa nageuza uso kama mtu mwenye deni la nyama. Mwishowe tulichukua stuli nne kwa hela ile ile. Ndizo tunazokalia mpaka leo.

Baada ya hapo Baba Imani aliacha kuyacheka madaftari yangu, na hapo ndipo tulipopata faida ya kweli. Yeye kodi yake haifuati Julai. Makadirio yake ni ya Januari hadi Desemba, analipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Miaka yote alikuwa akilipa kama mtu asiye na kumbukumbu, kwa sababu kweli hakuwa nazo; kumbukumbu zake zilikuwa vipande vya magazeti vyenye vipimo vya kiuno. Mwaka 2023 nikamnunulia kaunta buku yake. Kila shati, kila sare ya shule, kila zipu aliyobadilisha, tarehe na bei. Mwisho wa mwaka mauzo yakawa kama milioni sita. Kwa viwango vya mwaka ule, mfanyabiashara wa kati ya milioni nne na saba asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne. Kilichozidi ni milioni mbili, asilimia 3 yake ni 60,000. Arobaini elfu imebaki ndani, kwa daftari lililonunuliwa dukani mtaani. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya ile nyongeza yangu. Kwa kweli sikuweza kujizuia, nilimwambia hivyo mara mbili.

Basi mwaka huu, 2025, siku ya Mei Mosi Singida, Rais ametangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kundi la WhatsApp la walimu liliwaka moto. Mwalimu mmoja kijana, mwaka wake wa pili kazini, aliandika kwamba anaangalia pikipiki ya mkopo. Nilimtumia picha ya ule ukurasa wa kalamu nyekundu. Akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Baada ya dakika kumi akaniandikia pembeni: "Madam, hiyo ya bodi ya mikopo inakatwa na kwenye nyongeza pia?" Nikamwambia inakatwa, mdogo wangu. Subiri hati ya mshahara uione kwa macho yako, ndipo uende kwa wenye pikipiki.

Mimi mwenyewe ukurasa wa mwaka huu nimeshaufungua. Safu ya kwanza imejaa, ya pili bado tupu, ina tarehe tu juu. Baba Imani alichungulia juzi usiku akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kitu, eti yule seremala bado yuko pale pale? Nikamwambia yuko. Hakuongeza neno, alirudi kwenye sare anazoshona, shule zinafunguliwa.

Leo asubuhi mita imeanza kulia saa kumi na mbili. Nikatoka na khanga yangu kutazama karatasi ya zamu. Julai: mbele. Ni sisi. Mama lishe alikuwa ameshaamka anachambua mchele uani, na hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu," akaniambia, "leo usininunulie ya elfu mbili tu. Nina friji."

Nikanunua ya elfu kumi.