Mchanga kwenye nozeli ya tatu

Agosti 2019 nilikuwa saidia fundi kwa kaka yangu, kwenye gereji yake ya chini ya miarobaini pale Chang'ombe, Dodoma. Serikali ilikuwa imeshahamia, mji umejaa Toyota IST, na kwetu ilikuwa haipiti siku bila kufungua boneti ya IST.

Asubuhi moja aliingia mama mkulima wa zabibu wa Mpunguzi. "Mbukwenyi," akatusalimu, kisha hapo hapo akauliza kama tuna nozeli nne za kumuuzia, vile vinyunyizio vya petroli kwenye injini. Gari lake, nalo IST, linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, hasa likiwa sailensa (limesimama linaunguruma tu) na linapopanda mlima, na taa ya injini inawaka, mara nyingine inapepesa. Gereji aliyotoka walishamwambia dawa ni kubadilisha nozeli zote.

"Mama, nozeli ninaweza kukutafutia," kaka akasema. "Ila niachie gari kwanza nilisikilize."

Kilichomkera kaka ni ile taa kupepesa. Ikiwaka tu na kutulia, una muda. Ikianza kupepesa, kompyuta ya gari inakwambia misi ni kali kiasi cha kuunguza masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na masega ni ghali kuliko vyote vilivyokuwa vinazungumzwa pale. Alichomeka mashine ya kusoma kompyuta hiyo, ikasoma P0303: misi silinda ya tatu. Fundi mwenye haraka angeishia hapo, lakini namba ile inakuonyesha silinda tu, haikwambii aliyeharibika ni nani.

Kwenye IST kila silinda ina koili yake ya kuipa plagi umeme wa cheche, kwa hiyo jaribio la kwanza halikutugharimu hata senti. Nilifungua kwa spana namba 10, nikapeleka koili ya tatu kwenye ya kwanza na ya kwanza kwenye ya tatu. Kaka akafuta ile namba kwenye kompyuta, tukawasha. Koili ingekuwa mbovu, misi ingehamia silinda ya kwanza. P0303 ikarudi vile vile. Basi koili haina kosa. Plagi ya tatu ilitoka nyeupe kama jivu, wenzake wakiwa na rangi ya kahawia. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, tulipima, ilikuwa sawa. Weupe ule wa plagi ndio uliomfanya kaka aanze kuwaza petroli pungufu.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli, mpini kwenye sikio, kisha akanipa nami nisikilize. Zote nne zilikuwa zinalia tik-tik-tik. Nikamwambia basi nozeli nzima. Tulipima ukinzani wa umeme, ya tatu ikasoma kama omu 14, na kwa nozeli za aina ile ikiwa kati ya 12 na 16 koili ya ndani ya nozeli haina tatizo.

"Kulia siyo kumwaga," kaka akanijibu. Mlio unathibitisha umeme unafika na sindano ya ndani inacheza. Petroli kiasi gani inapita, bisibisi haijui. Na injini ikiwa sailensa nozeli hufunguka kwa milisekunde 2 au 3 tu kila zamu, sasa kitundu kikizibwa kidogo, silinda inapigwa njaa.

Kwa gari lile kutoa nozeli moja ni kutoa reli, bomba linalozigawia petroli, yenye zote nne. Kaka akaahirisha hadi kesho yake alfajiri. Mama hakufurahi, na mimi nilidhani ni uvivu. Ila Agosti ya Dodoma mnaijua: ikifika saa nne upepo unanyanyua vumbi la uwanja mzima. Alfajiri tulipuliza kompresa kuzunguka nozeli zote kabla ya kugusa boliti, tukatoa fyuzi ya pampu na kuacha injini izime yenyewe ili presha ishuke, tukatoa waya wa betri, na kila tundu lililobaki wazi tukaliziba kwa kitambaa kisafi.

Nozeli tukazipeleka kwa fundi mwenzake mjini mwenye mashine ya kupimia. Zinapangwa juu ya mirija ya kioo, unaona kila moja inavyomwaga. Nyingine zote zilitoa ukungu mzuri. Ya tatu ilitoa uzi mwembamba uliopinda pembeni, na mrija wake ukabaki nyuma ya wenzake. Yule fundi alipochomoa kichujio kidogo kilichomo kichwani mwa nozeli ile, kulikuwa na chembe za mchanga mwekundu.

Mimi nikaanza kulaumu petroli ya madumu ya vijijini. Kaka akatikisa kichwa. Uchafu wa kwenye tangi ungekamatwa na filta ya petroli. Mchanga ukikutwa pale juu, umeingia baada ya filta, na njia ni moja tu, reli ilifunguliwa mahali penye vumbi. Akampigia mama simu.

"Mama, gari hili liliwahi kusafishwa nozeli?"

"Eeh, mwanangu, mwezi uliopita, kule kule waliponiambia ninunue mpya. Kabla ya hapo lilikuwa zima, linakula mafuta kidogo tu. Misi imeanza baada ya hapo."

Tangu siku ile sina imani na "sevisi ya nozeli" inayofanywa kwa sababu tu kilometa zimefika. Kama gari halionyeshi dalili, mwachie mwenyewe aendelee na safari zake.

Nozeli zilioshwa kwenye maji yanayotikiswa na mawimbi ya sauti, zikawekewa vichujio vipya na oringi mpya, ile mipira ya duara ya kuzuia kuvuja, maana za zamani zilikuwa zimekakamaa. Oringi nilizipaka petroli kidogo zisichanike wakati wa kuingia. Tuliporudia kupima, mirija yote minne ilijaa sawa. Injini iliwaka, tukakagua kama reli inavuja, ikatulia sailensa bila kutetemeka.

Mama alipokuja jioni alizunguka gari lake mara mbili, akasikiliza, akafungua pochi. "Sasa zile nne za kununua?"

"Mama, hiyo hela kanunulie salfa ya kupulizia zabibu zako."

Akacheka, kisha akaanza kutuombea punguzo kwenye ufundi.